Ukuta wa Kaskazini

Jorunn aliingia nyumba ya mama mkwe wake akiwa na miaka ishirini na minne, akidhani atakaa miezi sita. Arvid, mumewe, alikuwa amemwahidi nyumba yao wenyewe upande wa pili wa bandari. Nyumba hiyo haikuwekwa hata msingi. Arvid aliendelea kwenda baharini, Jorunn akaendelea kusimama kando yangu, mimi Herdis jirani yake, kiwandani akikata minofu ya samaki, na miaka thelathini na mitatu ikayoyoma. Kisha Arvid akafa, si baharini kama tulivyokuwa tukihofia sote, bali kwenye foleni ya duka, pakiti ya kahawa mkononi. Moyo ulisimama. Wakabaki wanawake wawili chini ya paa moja, mjane wa marehemu na mama wa marehemu, wakigombea jiko lilelile na redio ileile.

Mama mkwe aliitwa Hansine. Alikuwa na miaka themanini na saba, mfupi, macho makali, na ulimi ambao haukuwahi kushika kutu. Vita vilipokwisha hapakuwa na nyumba iliyosimama hapa kijijini Skarvnes, zote zilichomwa moto na jeshi lililokuwa likirudi nyuma. Yeye na mumewe Peder walijenga ile yao kwa walichokipata: mbao za masanduku ya samaki, misumari iliyookotwa kwenye majivu na kunyooshwa juu ya jiwe. Kwa watu waliokuwa wamelala chini ya boti iliyopinduliwa, ilikuwa kasri.

Lakini kasri lile lilipitisha upepo kama tenga. Ndiyo nyumba ya mwisho kabla ya bahari, na ukuta wake wa kaskazini unatazama maji matupu. Chumba cha Hansine kilikuwa nyuma ya ukuta huo. Pazia lake lilicheza dirisha likiwa limefungwa. Vipasha joto vya umeme viliwaka tangu Septemba hadi Mei, na bado Januari maji ya kunywa yaliyokaa kando ya kitanda chake yalifanya utando wa barafu. Hapa kwetu hakuna mti, kuni zinaletwa na lori zikiwa magunia. Jorunn, mwenye miaka sitini na mmoja, ndiye aliyeyabeba kutoka barabarani hadi jikoni. Nusu ya mshahara wake ilikuwa ikienda kupasha joto anga la bahari.

Februari alikuja Sissel, muuguzi anayezungukia wazee. Akaweka kipimajoto juu ya meza ya Hansine, akanywa kahawa, akarudi kukitazama. Akamwita Jorunn kwenye ukumbi.

"Mle ndani ni nyuzi kumi na moja, Jorunn."

"Na jiko linawaka tangu alfajiri."

"Najua. Lakini mimi kazi yangu kuandika. Nikiandika hii, watamhamishia kwenye nyumba ya wazee mjini."

"Utamuua. Huyu mwanamke hajalala nje ya Skarvnes tangu vita."

"Basi fanya hivi. Nyumba ipate joto kabla ya Novemba. Nikija nikakuta nyuzi kumi na nane, sina la kuandika." Kisha akatoa karatasi mkobani. "Na hii fomu ya kuomba nafasi kule kaa nayo. Huwezi kujua."

Wiki ile Jorunn aliijaza fomu. Aliniambia mwenyewe. Aliandika jina la Hansine, tarehe ya kuzaliwa, magonjwa yake, akatia saini pale chini, akaifukia kwenye droo ya taulo. Kila asubuhi alisema ataipeleka kesho. Aprili Hansine akatafuta taulo.

Hakusema neno. Hilo ndilo lililokuwa baya, maana Hansine alikuwa mtu wa kusema. Alianza tu kumwita Jorunn "mwenye nyumba". Mwenye nyumba, naomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwenye nyumba, viazi hivi umeviivisha au umevitisha tu? Jorunn alidhani uzee umeanza kumpanda kichwani.

Majira ya joto Jorunn alimtafuta Eilert, fundi seremala wa ng'ambo ya mlima. Eilert alipiga kuta kwa kiganja, akavuta ubao mmoja, akacheka.

"Humu ndani walitia vumbi la msumeno kuzuia baridi, dada, nalo limeshuka lote chini. Nusu ya juu ya ukuta ni hewa. Tutabandua mbao za nje, tujaze pamba ya mawe, tupige karatasi ya kuzuia upepo, tuzibe kila mshono kwa utepe, halafu mbao zirudi. Gharama ya umeme itashuka nusu."

"Nusu?"

"Nusu. Shika neno langu."

Septemba walimaliza kuta tatu. Ukuta wa kaskazini uliachwa mwisho kwa sababu Hansine aliuzuia. Kila Eilert alipoegemeza ngazi upande ule, fimbo iligonga dirishani. "Ukuta huo aliupigilia Peder! Nenda kafungue ukuta wa mama yako!" Mpaka Jumanne ya pili ya Oktoba, Jorunn akachukua mtaimbo mwenyewe, akang'oa ubao wa kwanza bila kumtazama aliyeko dirishani.

Siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa nimestaafu kiwandani, nikawa napanga mbao zilizong'olewa kwa namba. Kufikia saa sita mchana ukuta wote ulikuwa wazi, mifupa mitupu, na vumbi la msumeno limelala chini kama theluji chafu. Eilert akapiga magoti kukagua boriti ya chini kabisa, ile inayobeba ukuta wote. Akachomeka bisibisi. Ikazama hadi kwenye mpini.

"Mungu wangu," akasema.

"Imeoza?" Jorunn akauliza.

"Imeoza? Hii ni keki. Mita tatu nzima."

Wakati huo huo redio ya jikoni ilikuwa ikisoma hali ya hewa. Dhoruba kutoka kaskazini-magharibi, kesho mchana. Barabara ya mlimani itafungwa saa saba.

Eilert alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza. Tunaweza kufunga juu yake hivihivi. Karatasi, mbao, kwisha. Dhoruba ikipita tutaona."

"Na upepo?"

"Utaingia kwa chini."

"Kwa hiyo nitakuwa nimefanya kazi ya bure."

"Utakuwa na ukuta, Jorunn! Kesho mchana saa nane usiwe na ukuta, utakuwa na nini?"

Jorunn alitazama bahari. Ilikuwa imetulia, rangi ya bati, ule utulivu ambao watu wa hapa hawaupendi. "Sissel anakuja Novemba," akasema. "Tunabadilisha boriti."

Boriti ilitoka kwenye banda la boti la marehemu mume wangu. Ilikuwa mti mzima wa msonobari uliokaushwa na chumvi miaka arobaini. Tuliileta kwa trekta. Eilert alikata ile mbovu vipande vipande, akiinua ukuta kwa jeki kidogo kidogo, na kila jeki ilipopanda nyumba ililia. Ndani, Hansine alikaa kwenye kiti chake akiwa amevaa koti la baharini la Peder, mgongo kwa mlango. Usiku ule walitundika turubai, Jorunn akalala sakafuni chumbani kwa mama mkwe wake. Hawakusemeshana.

Jumatano saa nne asubuhi boriti mpya ilikaa mahali pake. Upepo ulikuwa umeanza, si mkali, wa kujaribu tu, kama mtu anayetikisa kitasa kuona kama mlango umefungwa. Tulijaza pamba ya mawe mbio mbio, vidole vinawasha. Saa sita na nusu karatasi ya upepo ilikuwa imefika nusu ya ukuta. Eilert akatazama saa yake mara tatu.

"Nenda," Jorunn akamwambia.

"Nikibaki hapa, kondoo wangu wako nje na mke wangu yuko peke yake."

"Nimesema nenda, bwana. Tuachie stepla na povu la kuzibia."

Alituonyesha haraka mahali pa kupiga mabanzi ya kushikilia karatasi, akatuachia nyundo yake nzuri, akaondoka akiendesha kama mwizi. Tulibaki wanawake wawili wenye umri wa kukaa na wajukuu, na bahari ilikuwa imegeuka nyeupe mpaka upeo wa macho.

Jorunn akaingia ndani kumtoa Hansine. Nilisimama kwenye nafasi ya ukuta iliyokuwa bado wazi, nimeshika ukingo wa karatasi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, vaa viatu. Utakaa kwa Herdis mpaka upepo upite."

"Siendi."

"Kati yako na bahari kuna karatasi, mama. Karatasi!"

"Niliwahi kuwa na anga tu kati yangu na bahari. Sikufa."

"Sina muda wa kubishana nawe."

"Najua huna muda. Ndiyo maana ulitia saini mapema."

Karatasi ilipigapiga mikononi mwangu.

"Kwenye droo ya taulo," Hansine akaendelea. "Mwandiko mzuri. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Na sasa unaipamba nyumba, nikishachukuliwa uiuze."

"Umelala na hilo moyoni tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Nilitamani kuwa mahali pengine popote duniani. Jorunn alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini, niliisikia kwa shida.

"Niliijaza, ndiyo. Wiki hiyo nilibeba magunia kumi na moja ya kuni, na siku hiyo uliutema mchuzi wangu mbele ya muuguzi."

"Haukuwa na chumvi."

"Niliijaza, mama. Sikuipeleka."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Ulinihurumia?"

"Siku nyingine nilikuhurumia. Siku nyingine nilikuwa nimechoka hata kutembea hadi posta."

Hansine akatoa sauti fulani puani, kitu kati ya kikohozi na kicheko. "Hilo la posta naliamini," akasema. "Nipe fimbo. Na ule uzi wangu wa sufu pale kitandani. Nyinyi mnaziba kama vipofu. Mimi nimelala kando ya ukuta huu miaka sitini na sita, najua unapopumulia. Nikigonga mara moja, upepo unaingia hapo nilipogonga. Nikigonga mara mbili, umekoma. Haya, toka nje, unasimama kufanya nini?"

Jorunn akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kwa upepo ule macho yetu sote yalikuwa mekundu.

Tukafanya kazi. Mimi nilivuta na kukaza karatasi, Jorunn juu ya ngazi alipiga stepla, kisha utepe, kisha banzi na misumari. Kutoka ndani fimbo iliongea. *Ko.* Jorunn alisogea, akaweka kiganja, akapuliza povu kwenye ufa kando ya fremu ya dirisha. Tukangoja. *Ko-ko.* Tukasonga. *Ko*, chini kidogo. Utepe, tena utepe, akiukandamiza kwa kiganja mpaka ushike. *Ko-ko.* Kulikuwa na mahali penye fundo la mti ambapo mimi ningeapa hapana kitu, na yule mzee akagonga pale mara nne kwa hasira mpaka Jorunn akapata tundu lenye upana wa mbegu ya tufaha.

"Yule bibi ni mchawi!" nikapiga kelele.

"Ni mbaya kuliko mchawi, hakosei!" Jorunn akajibu, na nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Saa nane dhoruba ilifika hasa. Mvua ilikuja ya ubavuni, chumvi tupu. Ngazi ilianza kutembea yenyewe, Jorunn akashuka. Ilibaki kona moja tu, ya chini kulia, karibu na boriti mpya. Karatasi pale ilikuwa bado huru na yeye alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Fimbo ikagonga upande ule. *Ko.* Kisha kikasikika kishindo, kizito, kama gunia la kuni lililoachiwa. Kisha hakuna kitu.

Jorunn akaweka sikio ukutani. "Mama?"

Upepo ulimnyang'anya neno mdomoni.

"Mama! Gonga!"

Aligonga yeye kwa ngumi. Hakujibiwa. Akanitazama, na nikaona alichokuwa akikipima. Akiachia kona ile upepo ungeingia chini ya karatasi na kuibandua yote, pamba ingeruka baharini, na ukuta wa chumba alimo yule mzee ungekuwa wazi kwa dhoruba. Asipoachia, mzee alikuwa sakafuni peke yake.

"Herdis, lala hapa!"

"Nini?"

"Lala juu yake! Kwa mwili wako wote!"

Nikajitupa kwenye kona ile, bega langu kwenye boriti, mikono nimeitandaza, uso kwenye karatasi. Jorunn akakimbia. Nilihisi karatasi ikivimba chini yangu kama tumbo la mnyama, na pini za stepla juu ya kichwa changu zikaanza kung'oka, moja, kisha nyingine, kila moja kwa sauti ndogo ya kukatika. Nilihesabu mpaka saba. Nilisali, mimi ambaye kanisani huenda Krismasi tu.

Ya ndani Jorunn alinisimulia baadaye. Kiti kilikuwa kimepinduka. Hansine alikuwa amelala kati ya kitanda na ukuta, uso mweupe kama maziwa, mkono wa kulia ameusukuma mpaka mwisho kwenye pembe ya sakafu.

"Mama! Umeumia wapi?"

"Sijaumia popote. Nilikuwa naufuata. Uko huku chini, kwenye pembe, unaingia kama kisu. Nimeuzibia na kiganja."

"Ngoja nikuinue."

"Usiniguse! Ukinigusa nitatoa mkono. Maliza kwanza huko nje."

"Siwezi kukuacha chini."

"Jorunn." Tangu Aprili hakuwa amemwita kwa jina. "Nenda kapigilie ule ukuta."

Jorunn akavuta mfarishi kitandani, akamfunika pale pale sakafuni, akaweka mto chini ya kichwa chake, akatoka. Akainama juu yangu, msumari wa kwanza akaupinda. Akaung'oa. Wa pili ukaingia. Tukapiga banzi la mwisho, tukajaza povu pembeni mwa boriti mpaka likafurika, tukarudisha zile pini saba, na juu ya vyote tukapigilia mbao tisa tu za nje, mshazari, bila mpangilio wala namba. Hatukuweza zaidi. Tukaingia ndani kwa kutambaa.

Tulimwinua Hansine kwa pamoja, tukamweka kitandani. Kisha tukakaa sote watatu tukisikiliza ukuta. Karatasi ilinguruma kama ngoma, ikavutwa nje, ikarudi, ikavutwa tena, na kila ilipovutwa tulishika pumzi. Ilidumu saa nyingi. Jorunn alitengeneza kahawa, hakuna aliyeinywa. Hansine alikuwa akishika uzi wake wa sufu kwa mkono wa kushoto mbele ya ukuta, anausogeza hapa, anausogeza pale. Uzi ulining'inia tu, hakuna upepo ulioutikisa.

Asubuhi, upepo ulipolegea, Jorunn alileta chai na mkate wenye jibini la kahawia. Hansine akaichukua chai kwa mkono wa kushoto. Jorunn akasimama.

"Nionyeshe mkono wa kulia."

"Una shughuli gani na mkono wangu?"

"Nionyeshe, mama."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kama mkate uliochachuka, rangi ya zambarau. Ulikuwa umevunjika alipoanguka, na mkono huo uliovunjika ndio aliozibia tundu. Jorunn alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti, mtu mzima, na Hansine, ambaye hakujua la kufanya na machozi ya watu, akawa anampigapiga goti kwa ile fimbo.

Barabara ilipofunguliwa walimpeleka hospitali, na hapo ndipo hofu ya pili ilipoanza. Daktari alisema mzee mwenye plasta hawezi kurudi kwenye nyumba ile, akae nyumba ya wazee mpaka mfupa uunge. Wiki sita. Jorunn alivuka mlima kila siku ya pili kwa basi, akakaa naye, akarudi. Kwa wiki zile zote Eilert, kwa aibu ya kutuacha, alikuja kila alipopata nafasi, akabandua mbao zetu za mshazari na kumaliza ukuta kama inavyotakiwa. Mlangoni aliweka mpira mpya, na tundu la feni ya jikoni, ambalo sote tulilisahau, akalitilia kifuniko.

Sissel alikuja mwisho wa Novemba. Kitanda kilikuwa bado kitupu. Aliweka kipimajoto mezani, na safari hii Jorunn hakumpa kahawa, alisimama mlangoni mikono kifuani. Muuguzi akatazama. Akakitikisa, akangoja tena dakika kumi.

"Kumi na tisa na nusu," akasema. "Na jiko?"

"Jiko halijawashwa leo."

Hansine alirudi nyumbani Ijumaa ile. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulalamika kwamba chumba kinamkaba, akafungua dirisha. Jorunn akalifunga. Akalifungua. Waligombania dirisha lile zaidi ya miaka miwili, kelele zao nikizisikia hadi kwangu, lakini "mwenye nyumba" sikuisikia tena. Mzee alifariki mwezi wa Machi, saa tatu asubuhi, katika kitanda chake, akiwa ametoka kusema kwamba uji una mabonge.

Gharama ya umeme haikushuka nusu, ilishuka theluthi, na Jorunn alimpigia simu Eilert akamgombeza dakika ishirini. Dada yake Jorunn aliyeko kusini, kwenye miti na jua, humwandikia kila mwaka ahamie kwake, maana sasa hakuna kinachomshika hapa. Juzi nilimuuliza kama ataenda. Alikuwa juu ya ngazi upande wa magharibi akikagua mishono, utepe begani.

"Niondoke sasa?" akasema. "Nyumba ndiyo kwanza imeshika joto."